Kura za maoni za kila siku: ni watu waliobadili mawazo au ni waliohesabiwa waliobadilika?

Mwalimu wa Uraia, Uyole, Mbeya

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha Uraia kidato cha nne, na wiki hii tumekuwa tukijadili uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 2012. Katikati ya Oktoba mwaka huo shirika la Gallup, lililokuwa likipiga simu kila siku kuwauliza watu watamchagua nani na kutangaza wastani wa siku 7, lilimweka Mitt Romney mbele kwa asilimia 52 dhidi ya 45 za Barack Obama miongoni mwa wale walioitwa wapigakura watarajiwa, yaani waliokisiwa kwamba watapiga kura kweli. Lakini katika mahojiano yaleyale, walipohesabiwa wote waliojiandikisha, pengo lilikuwa dogo sana. Siku ya uchaguzi Obama alipata asilimia 51 na Romney 47. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hao watu walibadili mawazo, au waliohesabiwa ndio waliobadilishwa?" Sikuwa na jibu, na nisingependa kumpa la kubahatisha.

Mtakwimu, Iringa mjini

Mwalimu, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme shirika linahoji watu 400 kila usiku na kutangaza wastani wa siku 3, yaani watu 1,200. Namba ya leo na ile ya jana zina watu 800 walewale ndani yake. Kilichobadilika ni kwamba 400 wa leo wameingia na 400 wa siku ya nne nyuma wametoka. Kwa hiyo mgombea akipanda kwa pointi 2 katika wastani, maana yake kundi lililoingia linamuunga mkono kwa pointi 6 zaidi ya lililotoka, na tofauti ya namna hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu, bila hata mtu mmoja nchini kubadili msimamo, kwa sababu kila kundi la watu 400 peke yake linaweza kukosea kwa karibu pointi 5 juu au chini. Binafsi nisingekubali habari yoyote iandikwe kwa kutegemea badiliko la siku moja.

Aliyewahi kuwa mdadisi, Makambako

Mtakwimu amesema kweli, ila swali la mwanafunzi bado halijajibiwa. Hakuna anayejua nani atapiga kura kabla ya siku yenyewe, hivyo mashirika hukisia kwa maswali. Kwa miaka mingi Gallup ilitumia maswali 7: umeufikiria uchaguzi kiasi gani, unajua watu wa mtaa wako hupigia kura wapi, uliwahi kupiga kura huko nyuma, na mengine ya aina hiyo, kisha wenye alama za juu ndio waliobaki kwenye hesabu. Tatizo ni kwamba majibu hayo hupanda na kushuka kufuatana na habari za wiki. Mgombea akifanya vizuri kwenye mdahalo, wafuasi wake huchangamka na kupita kwenye chujio, huku wa upande wa pili wakinyong'onyea na kuachwa nje. Oktoba 2000 kura ya maoni ya Gallup ya kila siku ilimwonyesha Al Gore akiongoza kwa tofauti kubwa, na baada ya siku chache George W. Bush ndiye aliyekuwa mbele. Hatimaye kura zao za nchi nzima zilitofautiana kwa takriban nusu asilimia.

Niliwahi kuzunguka vijiji vya Makete kwa utafiti wa kaya uliokuwa na swali moja kuhusu kupiga kura. Bibi mmoja aliyekuwa akimenya viazi alinijibu, "Nitapiga, mjukuu wangu, kwa nini nisipige?" Karibu kila kaya ilinijibu hivyo. Kwa hiari yangu nikamuuliza kituo kiko wapi. Alinyoosha kisu kuelekea shule ya msingi ng'ambo ya shamba la pareto, akanieleza saa ya kuondoka nyumbani ili akute foleni bado fupi. Mwanawe, aliyeapa kwa sauti kubwa kuliko mama yake, hakukijua kituo, na kadi yake alikuwa ameiacha Dar es Salaam. Mwaka 2010 hapa kwetu walioandikishwa walizidi milioni 20, na waliopiga kura walikuwa takriban milioni 8.6.

Msomaji, Tukuyu

Naomba kuongeza, na kwa sehemu kutofautiana na ndugu wa Iringa. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Southern California na gazeti la Los Angeles Times walichukua kundi moja la watu wapatao 3,000, wakawa wanawauliza haohao kila wiki, sehemu ya saba kila siku, na badala ya kuwachuja waliwaomba wataje kwa asilimia uwezekano wao wa kupiga kura. Hata hivyo kasoro iliingia kwa mlango mwingine: kijana mmoja mweusi wa miaka 19 wa Illinois, aliyemuunga mkono Donald Trump, alipewa uzani wa hadi mara 30 ya mhojiwa wa kawaida, yaani jibu lake lilihesabiwa kama la watu 30, ili kuziba upungufu wa vijana kama yeye, na aliposhiriki au kukosekana, namba ya taifa zima ilisogea.

Lakini kuwa na kipimo kimoja tu nako kuna hasara. Kwenye uchaguzi wetu wa urais wa mwaka 2015, shirika la utafiti la Twaweza lilihoji watu kwa simu kati ya Agosti na Septemba, likapata asilimia 65 kwa John Magufuli na 25 kwa Edward Lowassa. Matokeo ya Oktoba yalikuwa 58 na karibu 40. Zile pointi 15 za Lowassa zilitoka wapi? Watu walihamia kwake wakati wa kampeni, walikuwa hawajaamua, au waliogopa kumweleza mgeni kwenye simu? Mfululizo, hata wa kila wiki, ungetuonyesha kama namba ilipanda polepole au ilibaki palepale hadi mwisho.

Mwalimu wa Uraia, Uyole, Mbeya

Nawashukuru sana. Kwa kuwa mahojiano ya 2012 yalikuwa yaleyale, nitamwambia mwanafunzi kwamba sehemu kubwa ya lile pengo ilitokana na chujio. Ndugu wa Makambako, yule mwana wa bibi ulimwandika vipi?

Aliyewahi kuwa mdadisi, Makambako

Nilimwandika kama alivyojibu, kwamba atapiga kura. Fomu haikuwa na swali la kituo wala la kadi.