Masta ya kompyuta: akili mnemba au usalama wa mtandao, lipi linamalizika?

Chuda_Boy: Wakuu, habari za humu. Nimepata nafasi ya masta, msimamizi anataka mada kabla mwezi haujaisha. Nipo Tanga, nasoma huku nafanya kazi. Nina mawili mkononi: kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha, au kusaka mianya ya mifumo ya malipo ya simu. Nishaurini.

Mdau wa Ngamiani: Mihogo ina wenyewe, mkuu. Kuna programu ya Nuru ya PlantVillage, inatambua magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwa simu, kwa Kiswahili, hata bila intaneti. Wewe utaongeza nini? Halafu picha zinataka kompyuta yenye kadi ya michoro (GPU) yenye nguvu. Colab ya bure, ile kompyuta ya Google ya kuazima mtandaoni, itakukatia kazi katikati, usiku umekwenda bure.

Bi Mkonge: Hilo la kadi si kubwa hivyo. Unachukua modeli, yaani programu iliyokwisha kufunzwa kwa picha nyingine, unaiongezea picha zako. Pagumu ni kwenye malipo. Ukipekua mfumo wa watu bila kibali, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haikuulizi kama u mwanafunzi. Na kibali nani atakupa? Kuna mwenzangu alisubiri jibu la kampuni moja hadi akabadili mada.

Raskazone: Kwani lazima achague? Chukua meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" na za mwenye nyumba hewa anayedai kodi. Fanya programu ya kuzitambua. Ni akili mnemba, ni usalama, na laptopu ya kawaida inatosha, maandishi ni mepesi kuliko picha.

Ila usije na "usahihi asilimia 98" ukashangilia. Tuseme katika meseji 1,000, za utapeli ni 20. Programu inayosema "zote salama" imepatia 980, ndiyo hiyo 98, na haijanasa tapeli hata mmoja! Onyesha umenasa ngapi kati ya zile 20, na watu wema wangapi umewasingizia. Pili, usichanganye meseji ovyo: fundisha kwa za zamani, pima kwa za karibuni. Tapeli akiona anazuiwa anaandika "h3la", kazi inaanza upya. Utafiti wenyewe uko hapo.

Mdau wa Ngamiani: Hapo sawa. Mihogo aiache.

Chuda_Boy: Nimeipenda hii. Meseji nazipataje?

Bi Mkonge: Omba ridhaa, futa majina na namba kabla ya kuhifadhi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Za utapeli utapewa hadi uchoke. Shida ni za kawaida, na bila hizo programu haina cha kulinganisha. Mimi nitakupa za matapeli zote. Za baba watoto hupati ng'o.