MREJESHO: Kwadi iliyokuwa inazima ukirudisha choki

Assalamu alaykum ndugu zangu, narudi kama nilivyoahidi. Ni mimi wa Paje, Unguja, niliyeuliza hapa kuhusu kwadi yangu (pikipiki ya magurudumu manne) iliyokuwa inawaka kwa choki tu (kile kivuta cha kuwashia injini ikiwa baridi), ukiirudisha inazima, na breki ya nyuma imekamata.

Mliosema ni jeti ndogo ya kabureta (kile kijitundu kinachopitisha petroli injini ikinguruma taratibu), Mungu akupeni kheri, ndiyo hasa! Baiki ilikaa masika yote haijawashwa, petroli ikakauka mle ndani, tundu limeziba kabisa huoni hata mwanga ukilielekeza juani. Nikapuliza dawa ya kabureta halafu upepo wa pampu, sindano sikutia maana kuna kaka alionya tundu litapanuka na mafuta yatapita mengi, nikamwaga petroli kongwe nikatia mpya, na sponji ya chujio la hewa nikaiosha kwa sabuni ikakauka kivulini nikaipaka oili. Sasa inawaka, choki narudisha na inanguruma vizuri mashaallah, nimefurahi mno.

Breki lakini bado. Pini za kalipa (kile kibanio cha breki) nimezitoa, nimezipiga msasa na kutia grisi kama mlivyonielekeza, nikiinyanyua kwa jeki ekseli bado nzito. Fundi kaifungua, pistoni yenyewe ya kalipa imeliwa na kutu ya chumvi, hapo grisi haisaidii. Naagiza kalipa nzima kutoka Dar, na mpaka ifike siendeshi.

Mnaopita pwani suuzeni kwa maji matamu siku hiyohiyo, hasa huko chini kwenye breki. Ahsanteni sana.