Mrejesho: pawa stesheni ya saluni na ya kwa mama

Wakuu, asanteni sana. Niliwauliza ninunue pawa stesheni ipi (betri kubwa ya kubebeka yenye soketi za umeme) kati ya EcoFlow River 2 na Delta 2, ili umeme ukikatika saluni ya kunyoa ya mdogo wangu isisimame, na mama kijijini friji yake ndogo isizime. Nimechukua zote mbili, kila moja na kazi yake.

River 2 iko saluni. Ina Wh 256 (wati-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi), na inverta yake, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inatoa wati 300. Mashine ya kunyoa inakula wati kumi na kitu tu, taa ya LED hata haisumbui. Ukiondoa umeme unaopotea kwenye inverta, zinabaki kama Wh 215. Mashine mbili na taa, jumla wati 35 hivi, ni saa sita za kazi. Birika la maji ya moto nimempiga marufuku kulichomeka, linahitaji zaidi ya wati 1,000.

Kwa mama ndiko palipohitaji hesabu kweli. Friji ikishawaka inakula wati 80 tu, lakini kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo, kwa sekunde chache. Aliyenishauri nisiangalie wati za kwenye kibandiko cha friji peke yake, Mungu ambariki. Delta 2 ina wati 1,800 na Wh 1,024. Inaiwasha bila kusita, na friji inafika asubuhi.

Betri zote ni LFP, aina ya lithiamu inayodumu miaka mingi. Sasa natafuta paneli ya sola ya mama, mwenye uzoefu anishauri.