Printa inapotea kila umeme ukikatika, na herufi zimeota meno

Mwana Birere: Bandugu, nisaidieni. Niko na kaduka ka fotokopi hapa Birere, Goma. Kompyuta moja ya Debian (aina ya Linux), printa ya leza imeungwa kwenye ruta kwa waya. Umeme ukikatika ukarudi, CUPS, ile programu ya Linux inayosimamia printa, haioni printa. Nafuta, naongeza upya, mpaka tena kesho. Halafu tangu jana herufi zinatoka na meno kama msumeno, na huu ndio msimu wa TFC, zile kazi za wanafunzi za kumaliza chuo! Printa nimeiita "kazi". Niliandika `lpoptions -p kazi -o Resolution=600dpi`, kwangu ikakaa sawa, lakini mke wangu akituma kwa akaunti yake ni yale yale.

Papa Ruta: Andika `lpstat -v` utubandikie.

Mwana Birere: `device for kazi: socket://192.168.1.34:9100`

Papa Ruta: Basi printa haijapotea, imehama nyumba. Ruta ikiwaka upya inagawa anwani za mtandao upya, wewe bado unabisha hodi kwa ile inayoishia 34. Ingia kwenye ruta uifungie printa anwani moja, tuseme 50. Kisha `sudo lpadmin -p kazi -v socket://192.168.1.50:9100`. Foleni ikiwa imesimama, `sudo cupsenable kazi`. Na usifute tena, mdogo wangu. Kila ukifuta, mipangilio inaenda nayo. Ndiyo hayo meno: jana ulipoiongeza ilirudi kwenye nukta 300 kwa inchi (dpi).

Dada Katindo: La mama watoto sasa. `lpoptions` bila sudo (ruhusa ya msimamizi) inaandika kwako peke yako, ndani ya `~/.cups/lpoptions`. Ili wote wapate: `sudo lpadmin -p kazi -o Resolution=600dpi`. Kagua kwa `lpoptions -p kazi -l`, yenye nyota ndiyo inayotumika. Printa nyingine hazina Resolution, utakuta `cupsPrintQuality`.

Mwana Birere: Nyota imehamia 600, hata kwa mama watoto. Ila nembo ya chuo kwenye jalada bado ina ukungu.

Papa Ruta: Mteja aliituma kwa WhatsApp?

Mwana Birere: Ndiyo, papa. Upana pikseli 200, ameitanua mpaka sentimita 5.

Papa Ruta: Hizo ni kama nukta 100 kwa inchi. Printa itakuchorea ukungu ule ule, kwa ufundi zaidi. Alete faili yenyewe kwenye flashi.

Mwana Birere: Amenuna kidogo, ila anarudi nayo saa nane. Aksanti sana.