Apu za bajeti za "inasinki simu na laptopu", kwani mnatuona wajinga?

Leo wacha niseme juu nimechoka. Kuna hii apu ya kuandika matumizi, jina siweki sitaki kesi, wanajipigia debe eti andika kwa simu uone kwa kompyuta, kila kitu sawa. Sawa wapi? Mimi nauza mitumba Kibuye hapa Kisumu, sokoni niko na simu tu, laptopu iko nyumbani Manyatta na ndio naangalia nayo hesabu usiku stima ikikubali, sasa kama hizo mbili haziongei kitu kimoja si afadhali ningebaki na kaunta buku yangu.

Sikizeni vile inafanya. Simu inasoma meseji za M-Pesa yenyewe, hapo sina neno. Namtumia dereva 1,000 ya kubeba belo kutoka Gikomba, simu inarekodi. Usiku nafungua laptopu naangalia, hiyo 1,000 haiko, nabonyeza kusinki, haiko, nangoja, haiko, naiingiza kwa mkono. Asubuhi intaneti ikitulia nakuta ziko mbili, kwa hiyo kwa hesabu dereva amekula 2,000 na huku dereva mwenyewe analia hata hiyo moja haitoshi. Na ile shilingi 13 ya kutuma haijaandikwa popote, na imeandikwa kwa meseji pale pale karibu na salio, hata mtoto wa darasa la tatu ataiona. Unajua hizo 13 na zile 29 za kutoa kwa ajenti zikijumlishwa mwisho wa mwezi ni pesa ngapi kwa mtu wa biashara ndogo? Hiyo ndio kitu nilikuwa nataka apu inionyeshe, hayo mengine naweza kujumlisha kwa kichwa.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya hii kurudiarudia iko wazi. Kila meseji ya M-Pesa inaanza na kodi yake (code, si ushuru), herufi na namba kumi zimechanganywa, hakuna malipo mawili yanashea kodi moja. Kodi ile ile iko kwa meseji na iko kwa steitimenti. Apu ingeniachia tu nafasi ya kuiweka nikiingiza kwa mkono, ikiona imejirudia itupe moja. Basi. Lakini hawa hata hawaihifadhi, wanaisoma halafu wanaitupa.

Ngoja nimalize, kuna Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likikosa kutosha. Juzi salio lilikuwa chini nikafuliza ndio nilipe mzigo, apu ikaona ile meseji ikaandika Fuliza kwa upande wa MAPATO. Mapato! Omera, deni limegeuka mshahara. Grafu ya kwa laptopu ikapanda kijani kibichi inanipongeza eti mwezi huu nimefanya vizuri.

Na masaa pia. Laptopu iko masaa matatu nyuma juu hiyo tovuti yao inahesabu kwa saa za Greenwich (GMT) huko, sisi tuko matatu mbele. Nikilipa kitu saa nane usiku tarehe moja (na basi za mizigo ndio masaa yao hayo) simu inasema tarehe moja, laptopu inasema saa tano usiku ya mwezi uliopita. Kwa hiyo kila kifaa kina mwezi wake, na mimi ndio nipatanishe.

Nikawaandikia. Jibu likaja la roboti, futa kashe uingie upya. Nikafuta. Hakuna kitu. Nikasema sawa, nipeni data yangu niende zangu, nikabonyeza pale pa kutoa faili la CSV (lile la jedwali unaweza kufungua kwa Excel), ikaniambia hiyo ni ya wanaolipia, kwa dola, kila mwezi. Yaani maandishi yangu mwenyewe, nimeyachapa kwa vidole vyangu, niyakomboe. Hapo ndio nilitukana mpaka jirani akagonga ukuta.

Kabla mnijie na ushauri: hiyo apu ya YNAB najua, ni dola 109 kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya elfu kumi na nne zetu, na ile ya kuvuta miamala ya benki moja kwa moja haifiki Kenya, kwa hiyo utakuwa unaingiza kwa mkono na bado unalipa. Apu ya Mint mlikuwa mnaisifu ikafungwa Machi 2024, na hata ikiwa hai ilikuwa ya watu wa Marekani na Kanada. GnuCash ni ya bure na kwa hesabu iko sawa kabisa, lakini ni ya kompyuta, kusinki kwake ni wewe mwenyewe ubebe faili. Dadangu naye ako na iPhone, huko apu haziruhusiwi kusoma meseji kabisa, yeye hata hajaanza kulia.

Sasa hivi naangalia Money Manager Ex. Ya bure, iko kwa Android na kwa kompyuta, na data ni faili moja lako unaliweka Dropbox (hifadhi ya mtandaoni) ama popote. Wasiwasi wangu ni moja tu, ukifungua simu kabla laptopu haijamaliza kupandisha faili si utapata nakala mbili zinagombana, na bando za huku mnazijua. Kuna mtu wa Kisumu ama Kakamega ama Nakuru anaitumia hivyo kila siku? Inashika? Meseji za M-Pesa unaziingizaje?

Na wewe uliyetengeneza apu yako na unataka kuja kuniuzia hapa chini, kwanza nionyeshe kitufe cha kutoa CSV kiko wapi ndio uniambie bei.