Mgambo wa Vita vya Kagera wapewe siku yao? Mimi nasema ndiyo

Wa Temeke (mleta hoja)

Wakuu, salamu. Hoja yangu ni kwamba serikali itambue rasmi tarehe 2 Novemba kuwa siku ya mgambo waliopigana Vita vya Kagera. Najua tuna Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Nitaifikia.

Tarehe hiyo 2 Novemba, mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akatamka yale maneno ambayo hata watoto wa shule wanayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameshaingia na kushika ardhi yetu ya kaskazini mwa Mto Kagera. Sasa jiulizeni, huo uwezo ulikuwa nani? Kabla ya vita jeshi letu halikufika watu 40,000. Baada ya wiki chache lilikuwa limepita 150,000. Walitoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza, na karibu 40,000 walikuwa mgambo: wakulima, makarani, mafundi cherehani, watu waliokuwa wakipiga kwata baada ya kazi tangu Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipotaka raia wafunzwe kuilinda nchi.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Kuli wa bandarini. Aliondoka kwa lori, akarudi 1979, akaendelea kubeba magunia kana kwamba alikuwa ameenda msibani tu. Uzeeni alikwenda ofisi moja kuulizia kama kuna chochote wanachostahili watu kama yeye. Kijana wa mapokezi akataka namba ya jeshi. Mzee akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mhuri umefifia hausomeki. Akaambiwa, "Mzee, kumbe ulikuwa mgambo tu."

Hiyo "tu" alirudi nayo nyumbani, na mpaka tunamzika sidhani kama ilimtoka.

Tarehe 25 Julai nimewahi kumsindikiza Mnazi Mmoja. Mkuki na ngao vikawekwa mnarani, sime, upinde na mishale, baragumu likalia. Ni heshima kubwa na siidharau. Lakini baba mdogo alisimama nasi nyuma ya kamba, kama mtazamaji. Siku ile ni ya mashujaa wote, wa vita vyote, na kwenye "wote" huwa anaonekana mwenye magwanda na medali.

Pale Posta, kwenye Sanamu ya Askari ambayo wazee bado wanaiita Bismini, Mwingereza aliandika mwaka 1927 kwamba wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo yenyewe imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Mkoloni alimtaja mbeba mzigo. Mimi nimezaliwa mji huu, na sijawahi kuona ubao hata mmoja wenye neno mgambo.

Wa Mbagala

Kaka, pole kwa baba mdogo. Ila huo mfano wa wapagazi unakugeuka. Waliandikiwa maneno matamu kwa lugha tatu chini ya sanamu ya askari, lakini maelfu walikufa na ndugu zao hawakuona ujira wao. Ndicho ninachokiogopa. Siku haina gharama. Kiongozi anahutubia, brass band inapiga, jioni mzee anarudi kwenye chumba cha kupanga na presha yake bila dawa. Waliobaki ni wachache na wana umri mkubwa. Wapewe kadi ya matibabu mwaka huu huu. Tukidai siku tutapewa siku, kisha tutaambiwa deni limeisha.

Mama wa Manzese

Mimi nasema la moyoni. Nikisikia mgambo namuona yule mgambo wa jiji aliyemwaga nyanya zangu barabarani na kuondoka na meza yangu. Hao wazee nawaheshimu, lakini mkitangaza Siku ya Mgambo nusu ya wafanyabiashara wa mji huu watadhani mnawasherehekea wale wa jiji. Tafuteni jina jingine.

Mhaya wa Sinza

Ndugu zangu, mimi nyumbani ni Kagera. Mleta hoja, hiyo 2 Novemba ni siku ya Dar es Salaam. Ninyi mlikuwa mnasikiliza redio, kwetu watu walikuwa njiani na watoto migongoni, ng'ombe wameporwa, nyumba zimeachwa wazi. Mkitaka kumuenzi mgambo, tafuteni siku aliyofanya kazi, siyo siku aliyoitwa. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Na sherehe msiifanye huko tu, njooni Kaboya, Muleba, walikolala wenzao.

Wa Temeke

Nimesoma yote, na mengine yameniuma kwa sababu ni kweli.

Mhaya, tarehe naiondoa kwenye hoja. Niliichagua nikiwa nimekaa Temeke.

Mama wa Manzese, pole sana kwa nyanya na meza yako. Lakini jina sitalibadilisha. Ndilo alilotukaniwa baba mdogo, na tukilificha tutakuwa tumekubaliana na yule kijana wa mapokezi. Aliyemwaga nyanya zako amelichafua jina ambalo watu walilifia.

Wa Mbagala, wewe ndiye umenifikirisha zaidi. Kadi ya matibabu ije kwanza, hapo sina ubishi. Nakuuliza jambo moja: atapewa nani? Wengi walikabidhi bunduki, wakarudi vijijini na vibarua vyao, na karatasi zao ziliishia kama ile ya mzee wangu. Nataka siku itakayoilazimisha kila kata kukaa na wazee wake na kuandika: fulani alikwenda, na mashahidi ni hawa. Majina yasomwe hadharani kwenye ofisi ya kata kila mwaka, anayejua aliyesahaulika ainue mkono. Orodha hiyo ndiyo itakayobebwa kwenda kudai matibabu. Bila hiyo kila mzee ataulizwa namba ya jeshi.

Sisi tunaweza kuanza bila kungoja tangazo. Kama kwenu yupo, andika kata aliyotoka, kazi aliyoiacha, na kama bado yu hai. Wa kwetu: Temeke, kuli wa bandarini, marehemu. Jina lake nitaliweka mama mdogo akiniruhusu, nakwenda kumuuliza Jumapili.