Barabara kuu za Wisconsin: kwa nini kaunti ndizo zinazoondoa theluji, na chumvi inapimwaje?

Mchora Ramani
Wakuu, salaam. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lina karibu kilomita 19,000 za barabara kuu, lakini kazi ya kuzitunza na kuziondolea theluji hufanywa na idara za barabara za kaunti zote 72. Nani anamlipa nani hapo? Chumvi inamwagwa kiasi gani? Na yale maji ya chumvi yanayonyunyizwa lami ikiwa bado kavu yanasaidia nini?

Fundi Greda
Mkuu, barabara ni ya jimbo, lori na dereva ni wa kaunti. Kaunti hufanya kazi kwa mkataba kisha hudai gharama: saa za watu, saa za mitambo kwa viwango vilivyowekwa, na vifaa. Lori lilelile laweza kutoka yadi, likasafisha barabara kuu, kisha likakata kona kuingia barabara ya kaunti. Kwa hiyo saa zisipoandikwa kwenye barabara yake, upande mmoja unalipia kazi ya mwingine. Kiangazi wanaendelea na watu haohao: kukata majani, kuziba mashimo, kuzibua kalvati. Jimbo halilazimiki kujenga yadi ya pili na kununua mitambo inayofanana na ile ya jirani.

Kuhusu chumvi, usiangalie joto la hewa, angalia joto la lami. Lami ikiwa -1°C, kilo moja ya chumvi huyeyusha kilo 46 hivi za barafu. Ikishuka -7°C, kilo hiyohiyo haiyeyushi hata kilo 9. Ikifika -9°C inabaki kama kilo 6, na kasi yake ni ndogo mno. Kiwango cha kawaida ni kati ya kilo 30 na 110 kwa kilomita ya leni moja (njia moja ya magari), kutegemea lami na theluji. Baridi ikizidi hapo, kuongeza chumvi tupu ni kuitupa. Wanachanganya na kloridi ya kalsiamu, chumvi nyingine inayofanya kazi kwenye baridi zaidi, au wanaweka mchanga ili matairi yashike. Ila mchanga hauyeyushi kitu, na majira ya baridi yakiisha unakutwa wote mitaroni.

Bomba la Tatu
Naongezea kwenye maji ya chumvi. Kazi yake ni kuzuia theluji isigandamane na lami. Ikishashindiliwa na magurudumu ikashikana na lami, bamba la lori la kusukumia theluji linateleza juu yake tu, na kuibandua kunahitaji chumvi nyingi zaidi.

Kipimo ni asilimia 23.3 kwa uzito, yaani kilo 304 za chumvi kwa lita 1,000 za maji. Hapo yanaganda kwenye -21°C, na ndiyo ngazi ya chini kabisa kwa chumvi hii. Haidromita, kifaa cha kupima uzito wa majimaji ukilinganisha na maji matupu, isome kati ya 1.17 na 1.18. Yakiwa mepesi yataganda mapema. Wengi hukosea kwa kuzidisha: yakikaribia asilimia 26, chembe hujitenga na kuziba matundu ya bomba.

Hunyunyizwa lita 70 hadi 120 kwa kilomita ya leni, kwa michirizi, si kwa ukungu. Ukitazama lami baada ya kukauka utaona mistari myeupe iliyoachana; katikati yake lami imebaki tupu ili tairi lishike. Mvua ikitarajiwa kutangulia theluji, usinyunyize, itasombwa yote.

Maji hayohayo hulowesha chumvi ya chembe inapotoka kwenye lori, lita 30 hadi 38 kwa tani. Katika jaribio la Michigan, chumvi kavu ilirukia nje ya barabara karibu asilimia 30. Iliyoloweshwa, asilimia 4 tu.

Mchora Ramani
Shukrani sana. Kuna wakati ambapo ni bora kutomwaga kabisa?

Fundi Greda
Upo. Lami ikiwa kavu, baridi kali, upepo unapeperusha theluji laini: iache ipite. Ukimwaga chumvi lami inalowa, theluji inanasa, na unajitengenezea barafu ambayo haikuwepo. Na siku zote bamba litangulie, chumvi ifuate. Ukimwaga kabla ya kusukuma, lori linalofuata linaipeleka chumvi mtaroni.

Bomba la Tatu
Na hayo yote ni bure kama mashine ya kumwagia chumvi haijapimwa. Kinga turubai chini yake, zungusha mkanda unaosukuma chumvi nje idadi kamili ya mizunguko, pima kilo zilizotoka, gawanya kwa mizunguko hiyo. Rudia kwa kila upana wa mlango unaotolea chumvi, na kwa kila lori peke yake hata kama ni ya modeli moja, kwa sababu mikanda na milango haichakai sawa. Ukibadilisha mkanda au pampu ya haidroliki, pima upya.